Mzee Constantine Masunga, Mshauri Aliyeuliza Maana ya Debiti

Baba Paroko, Alhaji Gharib na ndugu wa msikitini mliofunga maduka leo ili kuwa pamoja nasi, wanachuo wa zamani wa Nguzo mliotoka mbali na karibu, majirani zetu wa hapa Bariadi, na wazee wa Mwamanyili mliofika tangu jana, mwangaluka. Familia inawasomea kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu, na inawaomba radhi mapema kwamba ufupi wenyewe umeshindikana, kwa kuwa kila ndugu aliyeulizwa aliongeza jambo, isipokuwa Mama Benedikta, mjane wa marehemu, ambaye yeye aliondoa mawili.

Marehemu Constantine Masunga Maganga alizaliwa tarehe 14 Februari 1946 katika kijiji cha Mwamanyili, ambacho leo kipo Wilaya ya Busega, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Masunga Maganga, mkulima wa pamba na mpunga, na marehemu mama Elina. Jina la Constantine alipewa na katekista siku ya ubatizo, na kwa kuwa bibi yake hakuweza kulitamka, alimwita Kosita mpaka alipofariki, na kijiji kizima kikafuata, kiasi kwamba hata leo asubuhi walikuwapo wazee waliokuwa wakiulizana pembeni huyu Constantine anayezikwa ni nani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1955 hapo hapo kijijini, akamaliza la nne mwaka 1958, na Januari 1959 akapelekwa shule ya kati ya bweni, mbali na nyumbani. Wiki ya pili alitoroka. Hakupigwa wala hakulala njaa, ila mwalimu wa hesabu alikuwa amekwisha kuingia kwenye sehemu wakati yeye bado anashangaa namba moja inakaaje juu ya kichwa cha nyingine, na kila alipotazama wenzake aliona wanaitikia kwa vichwa, basi akafunga kijisanduku chake akarudi kwa miguu. Baba yake alimpakia kwenye baiskeli na kumrudisha, njia nzima akipanga maneno ya kumwombea msamaha, lakini walipofika mwalimu wa zamu aliwakaribisha kwa furaha na kuuliza kama mzee amekuja kuandikisha mtoto mpya. Constantine alikuwa amefika, amehangaika na ameondoka, na pale shuleni hapakuwa na mtu aliyejua lolote kati ya hayo matatu. Alilisimulia jambo hilo maisha yake yote huku akicheka, ingawa Mama Benedikta anasema kicheko chenyewe kilikuwa kinakwama mahali. Alihitimu darasa la nane mwaka 1962, hakuchaguliwa kuendelea.

Mwezi Juni 1964 aliajiriwa na ushirika kuwa mkaguzi wa pamba, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja katika vituo vya Mwamanyili, Lagangabilili na hapa Bariadi. Vijana wa leo huenda hawajui, lakini pamba ilipofika kituoni ilipangwa madaraja mawili, safi na fifi, yaani ya chini, na aliyepanga ni yeye, alitia mkono ndani ya gunia mpaka kiwikoni, akafumba macho, akatoa mkono, akasema neno moja, na neno hilo halikukatiwa rufaa. Aliyechanganya maji alijulikana, aliyechanganya mchanga alijulikana, na aliyeficha pamba chafu katikati ya gunia alishauriwa kwa upole airudishe nyumbani akakae nayo, akaichambue upya.

Uaminifu huo ulimletea heshima, na ulimchelewesha kuoa. Mwaka 1969 alikuwa amekwisha kukubaliwa kumwoa Milembe, ambaye ndiye Mama Benedikta wetu, binti wa marehemu mzee Shigela wa Lagangabilili, na arusi ilipangwa iwe mwezi Septemba, lakini mwezi Julai mzee Shigela alifika kituoni na magunia yake akiwa ametulia kabisa, kwa kuwa mkaguzi ni mkwe. Mkwe alitia mkono, akafumba macho, akamwamkia baba mkwe kwa adabu zote za Kisukuma, kisha akasema, "Fifi." Arusi ikaahirishwa, washenga wakachakaza viatu, ng'ombe wakaongezeka, na ndoa ikafungwa tarehe 26 Septemba 1970, siku ya Jumamosi, baada ya mzee Shigela kuleta pamba ya msimu mwingine iliyopita bila swali. Mama Benedikta ameomba isomwe hapa kwamba ile pamba ya kwanza kweli ilikuwa fifi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioichuma kwa haraka ili awahi ngoma.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Benedikta, Kasmiri, Lukresia na Elina, ambao wote wapo hapa, pamoja na wajukuu wanaojitambulisha wenyewe kwa kelele.

Mwaka 1994 soko la pamba lilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, wakawa wananunua chochote cheupe, kiwe kikavu kiwe kimelowa, na mtu wa kupanga madaraja akaonekana anachelewesha foleni. Tarehe 30 Juni 1995 marehemu alipunguzwa kazini. Miaka miwili iliyofuata ilikuwa migumu kwa nyumba yake, kwa sababu mkono uliozoea kukagua haukutulia, alikagua mchele wa mkewe, akakagua maharage ya jirani, akakagua kwaya ya Jumapili akiwa amefumba macho kwenye benchi la mbele, na siku alipomwambia mwalimu wa kwaya kwamba sauti ya pili ni fifi, Mama Benedikta alianza novena ya kumwombea mumewe kazi.

Kazi ililetwa na Alhaji Gharib, ambaye tunaye hapa. Alhaji alikuwa miongoni mwa wenyeji walionunua pamba katika soko huria, na baada ya msimu mbaya alibaki na ghala tupu na mzani mkubwa usiohamishika, akaweka madawati ndani, akaajiri walimu, na Januari 1997 akafungua Chuo cha Biashara na Uhazili Nguzo. Vijana walijaa, lakini ilipofika Pasaka viti vingi vilikuwa vitupu, na walioondoka hawakuaga. Mkuu wa chuo, Mwalimu Fredrick, kijana mwenye tai na diploma yake ya uhasibu, alieleza kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa elimu. Alhaji hakuridhika. Alikuja nyumbani kwa marehemu, akakataa chai mara mbili ndipo akainywa, kisha akasema, "Mzee Constantine, ulikuwa ukitia mkono kwenye gunia unajua iliyolowa kabla haijaoza. Njoo uniambie nani atanikimbia kabla hajanikimbia."

Basi tarehe 12 Januari 1998, katika zile mvua kubwa ambazo wote tunazikumbuka, marehemu alianza kazi akiwa mshauri wa wanachuo, na alianza kwa njia aliyoijua. Alisimama mlangoni siku ya kwanza, akawapokea vijana mmoja mmoja kwa kuwashika mkono, akatazama kola, akatazama viatu, akasikiliza salamu, na kufikia mchana chuo kizima kilikuwa kimepangwa safi na fifi. Walio fifi waliambiwa waje nyumbani kwake kila jioni kwa masomo ya ziada, na kwa kuwa Mama Benedikta hakuweza kuona kijana akisoma bila kitu tumboni, walipewa chai ya maziwa na viazi vitamu. Habari ya viazi ilisambaa. Kufikia wiki ya tatu vijana waliokuwa wakijibu maswali vizuri walianza kuvaa kandambili, kupinda mabega na kuamkia kwa sauti ya mgonjwa mlangoni, na Mwalimu Fredrick akalalamika kwamba tangu mshauri aje, chuo kimeshuka.

Kijana aliyehesabiwa fifi kuliko wote alikuwa Hamimu, aliyesinzia darasani kila siku, na marehemu alimfikiria kuwa ana minyoo, akamnunulia dawa, kisha akamfikiria kuwa ana huzuni, akamletea katekista, ambaye Hamimu, akiwa Mwislamu mwenye adabu, alimsikiliza mpaka mwisho. Aliyehesabiwa safi kuliko wote alikuwa Maua, binti wa Bi Shifa mwenye mgahawa Lagangabilili, aliyevaa nadhifu, aliyekaa dawati la mbele, na aliyeitikia kwa kichwa kila Mwalimu Fredrick alipomaliza sentensi. Marehemu alimtaja kwa wenzake kama mfano.

Mwanzoni mwa Februari palitolewa jaribio la kwanza la uhasibu. Hamimu, ambaye kumbe alikuwa ameshika hesabu za duka la mjomba wake tangu utoto na alisinzia kwa kuchoka kusikia anayoyajua, aliongoza darasa zima. Na Maua hakuwapo, kitanda chake bwenini kilikuwa kimetandikwa vizuri, sanduku halipo, hakuaga mtu.

Waliomfahamu marehemu wanajua alikuwa mtu wa maneno, lakini siku hiyo alirudi nyumbani hakukagua hata ugali. Mama Benedikta anakumbuka kwamba alijitazama mkono wa kulia, juu na chini, kisha akauweka mfukoni. Asubuhi yake alichukua baiskeli, njia ikiwa tope tupu, akaiendesha pale ilipokubali na kuibeba begani pale ilipokataa, akafika Lagangabilili akiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Bi Shifa, alipomwona, alimpa maji akidhani ni dereva wa lori lililozama.

Maua alikuwa jikoni akisukuma chapati, na alipogeuka akamtambua mshauri wake chini ya tope lile, aliinama akaendelea kusukuma. Mama mtu alieleza kwamba mtoto amesema chuo kimefungwa kwa ajili ya mvua. Marehemu hakumkatalia mbele ya mama yake, alivuta kigoda akakaa, akanywa maji, akasubiri, na inasemekana ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake alipokaa mbele ya jambo bila kulitolea daraja. Chapati zilikwisha kabla Maua hajasema.

"Mwalimu, mimi sijui debiti ni nini," alisema. "Sikujua tangu siku ya kwanza. Wale wa fifi walikuwa na mahali pa kuuliza. Mimi uliponiita safi, nikakosa."

Bi Shifa aliweka chini sinia. Marehemu akasema jambo ambalo Maua mwenyewe ndiye aliyelisimulia kwa familia juzi, huku akilia na kucheka kwa pamoja.

"Mwanangu, hata mimi sijui," alimwambia. "Nakaa nyuma ya darasa tangu Januari, naitikia kwa kichwa. Twende tukaulize wote wawili."

Mama yake alimfungia chapati za njiani. Jumatatu iliyofuata Mwalimu Fredrick aliingia darasani na kumkuta mshauri wa wanachuo, mwili wake wote mkubwa, amebanwa kwenye dawati la mbele pembeni ya Maua, na alipokuwa katikati ya somo la mizania ule mkono mashuhuri ulinyooshwa juu. "Mwalimu, samahani turudi nyuma kidogo," marehemu alisema. "Debiti ni nini?"

Mwalimu Fredrick alitabasamu, akidhani ni utani, lakini mkono haukushuka. Alijibu kwa Kiingereza, akaombwa arudie kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili, akaombwa arudie kama anamweleza mama yake, na hapo ndipo darasa lilipoanza kufungua madaftari upya, dawati baada ya dawati, wakiwemo waliokuwa wakiitikia kwa vichwa tangu mwanzo wa muhula. Hamimu aliamka. Aliombwa aeleze kwa mfano wa duka la mjomba wake, sukari iliyoingia na fedha iliyotoka, akaeleza, na Maua akapiga dawati kofi, akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe ni hivyo tu.

Mwalimu Fredrick alikwenda kwa Alhaji kulalamika kwamba amedhalilishwa, kwamba chuo si chekechea, na kwamba mtu wa darasa la nane hawezi kukaa katika darasa la diploma akinyoosha mkono. Alhaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha, kama mwenyewe anavyokiri bila haya, akamwuliza taratibu, "Na krediti je? Maana mimi nafanya biashara tangu ujana wangu, na mhasibu wangu akilitaja huwa naitikia tu." Mwalimu Fredrick alikaa. Muhula ulianzishwa upya kutoka somo la kwanza, na kwa haki ya Mwalimu Fredrick ni lazima isomwe kwamba aliufundisha vizuri kuliko alivyowahi kufundisha. Maua alifaulu, si wa kwanza, wala wa pili, alifaulu tu, na ndiye leo mhasibu wa mojawapo ya halmashauri zetu.

Tangu hapo marehemu hakumpanga tena mtu. Kila muhula, kuanzia wiki ya pili, alikaa ndani ya kila darasa na kuuliza lile ambalo aliona macho yanalikwepa, na aliita kila mwanachuo, aliyevaa vizuri na aliyevaa vibaya, kwenye benchi la kando ya ule mzani wa zamani, akamwuliza kinachomsumbua, kisha akanyamaza. Kunyamaza huko kulimgharimu sana, wengine tulimwona akijiuma mdomo. Viazi vya Mama Benedikta vikawa vya wote, na aliyekosa darasa siku moja alifuatwa kwao kabla ya jua kuzama siku ya pili.

Familia haitaficha kwamba pengine alizidisha. Mwaka 2001 kijana mmoja alikosa Ijumaa, marehemu akapanda baiskeli mpaka kwao, akakuta watu wamejaa uani, akapita katikati yao bila kuuliza, akamtoa kijana pembeni akiwa amevaa suti, akamwambia asiogope, masomo yanaumiza wote mwanzoni, amweleze tu kinachomsumbua. Kijana alijibu kwamba kinachomsumbua ni kwamba bibi arusi anasubiri mlangoni mwa kanisa. Marehemu alikaa karamuni mpaka mwisho, na Jumatatu bwana arusi alikuwa darasani.

Na mwaka 2004, Mwalimu Fredrick alipokwenda Mwanza kusomea shahada, akiwa mtu mzima katikati ya watoto, kompyuta mbele yake na hajui pa kuiwashia, wiki ya pili aliona mtu mkubwa amesimama mlangoni mwa bweni na kikapu cha viazi. Mwalimu Fredrick ameomba tuseme kwamba siku hiyo begi lake lilikuwa limekwisha kufungwa. Alisoma akamaliza, na mara kwa mara hupinga habari ya kompyuta, lakini ya begi haipingi.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Desemba 2009. Mwaka 2011 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu na kisukari, akatibiwa hospitali ya hapa mjini na baadaye hospitali ya rufaa Mwanza, ambako siku ya pili tu alikuwa amekwisha kuzunguka vitanda vyote akiwauliza wagonjwa wapya kama wameelewa walivyoambiwa na daktari, na kwa ambao hawakuelewa alinyoosha mkono kwa niaba yao, mpaka mzunguko wa asubuhi ukawa unakwisha saa ya chakula cha mchana.

Februari mwaka huu figo zilianza kushindwa. Daktari alikuja, akakaa kando ya kitanda, akaeleza kwa maneno marefu, na marehemu, aliyeuliza kwa ajili ya watoto wa watu kwa miaka yote hiyo, aliitikia kwa kichwa, akasema ameelewa, akashukuru. Daktari alikuwa amekwisha kuinuka. Mama Benedikta, ambaye alikuwa amewaona vijana wengi wakiitikia hivyo jikoni kwake, aliweka chini kikombe cha uji, akanyoosha mkono.

"Daktari, samahani turudi nyuma kidogo," alisema. "Mume wangu hajaelewa, na mimi pia."

Daktari alirudi akakaa. Alieleza upya, polepole, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba dawa zimefika mwisho wake na kwamba muda uliobaki si mrefu, na marehemu safari hii hakuitikia kwa kichwa, aliuliza maswali yake yote, moja baada ya jingine, akiwa ameshika mkono wa mkewe. Alipomaliza aliomba arudishwe nyumbani, akaletwa Bariadi, akawaita watoto wake, akaonana na Alhaji, na baada ya kupokea sakramenti alifariki dunia tarehe 9 Machi 2013, siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Mwanza, na inawaomba radhi kwa ile mizunguko ya asubuhi, inamshukuru Baba Paroko, wanakwaya wa sauti zote, majirani waliochota maji na kukata kuni tangu Jumamosi, Alhaji Gharib aliyetoa gari na turubai, Bi Shifa na binti yake Maua waliosimamia jiko, Hamimu aliyepokea rambirambi, na walimu wote wa Nguzo wakiongozwa na Mwalimu Fredrick. Kwa ambao hatukuwataja, tafadhali msiondoke kimya, njooni mtuambie.

Baba Benedikta, Kosita wa Mwamanyili, sisi uliokuwa ukitufuata tumekufuata mpaka hapa tulipoweza, sasa pumzika, na amani ya Bwana ikae nawe.